Wanamtunza Mpaka Theluji Iishe

Mji wa Fargo, kule Marekani, sijawahi kuutia mguu, lakini ukiniuliza njia ya kutoka nyumbani kwa kaka yangu mpaka kanisani kwao nitakuelekeza bila kubabaika. Unatoka mlangoni, unashika upande wa reli, unapita duka la Msomali anayeuza nyama ya mbuzi, halafu unafuata namba, kwa sababu mitaa mingi ya huko haina majina. Ukiona maghala marefu ya nafaka yamesimama peke yake kama abiria walioachwa na basi, umepitiliza, rudi. Yote hayo nilifundishwa kwa simu, miaka na miaka, mimi nikiwa jikoni hapa Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney, nasonga ugali, naye akiwa ndani ya gari lake anasubiri injini ipate joto aende kazini.

Tulitenganishwa kambini. Kwetu ni Kongo, upande wa Uvira, lakini ujana wetu tuliumalizia Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikokipata Kiswahili hiki ninachoandika, cha mwalimu na fimbo yake. Mama alikataa kukibadilisha chake mpaka leo. Kaka alikuwa ameshaoa, kwa hiyo kesi yake ikawa ya peke yake na kesi yetu, ya mama na mimi, ikawa nyingine. Kambini neno kesi halikuwa na maana ya mahakama. Kesi ilikuwa ni faili linaloamua utaishi wapi. Faili lake likaangukia Marekani, letu Australia. Tuliagana tukiamini kwamba nchi za wazungu ziko jirani, kama Burundi na Rwanda, na kwamba mwaka haungeisha bila kutembeleana. Ujinga ule ulitusaidia sana siku ya kuagana.

Fargo, kwa maelezo yake, si mji mkubwa wala si mdogo wa kudharauliwa. Una chuo kikuu ambacho vijana wake hucheza ule mpira wa kubeba mikononi, na siku ya mechi hata bibi vizee huvaa kijani na njano. Una viwanda, na kiwanda chake kilikuwa cha madirisha. Vuli ikifika, malori ya viazi-sukari vile vyeupe vinavyotengenezewa sukari hupita usiku na mchana yakidondosha matope barabarani, na upepo ukigeuka mji wote hunuka kama chungu kilichoungua. Nchi yenyewe imelala chali. Sisi tuliokulia chini ya milima, na ziwa miguuni, tungeiona kama uwanja ambao mtu amesahau kujenga. "Mdogo wangu," aliniambia mwaka wake wa kwanza, "huku hata kichuguu nimekikosa."

Mto wao unaelekea kaskazini. Mama aliposikia hivyo aliuliza, "Mto inapanda?" na kaka akacheka mpaka akaangusha simu. Haupandi, alieleza, unashuka tu kuelekea kwenye baridi zaidi. Ndiyo maana kila theluji inapoanza kuyeyuka mji unakaa roho juu: maji yanafika mbele yanakuta barafu bado imeziba njia, yanarudi nyuma kuwatafuta watu. Mwaka mmoja alisimama mstarini na wazungu asiowajua, wakipokezana mifuko ya mchanga mkono kwa mkono kuukinga mji. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi wala atarudi lini. Alisema siku ile ndiyo aliyohamia Fargo. Kabla ya hapo alikuwa amefikishwa tu.

Watu wa huko ni warefu na maneno yao ni machache. Ukipata shida hawaji kukaa nawe kama sisi. Wanagonga mlango, wanakukabidhi bakuli la kioo lenye chakula cha kuokwa, nyama na maharage mabichi chini, viazi juu, wanasema pole, wanaondoka. Mara ya kwanza kaka alidhani wamekasirika. Baadaye akajifunza kuwa bakuli linarudishwa, na ukilirudisha, hapo ndipo mnapoongea.

Lakini mambo aliyoyapenda mama ni ya baridi. Kwamba huko magari huchomekwa kwenye umeme usiku, kama simu, la sivyo asubuhi hayawaki. Kwamba katikati ya mji wamejenga vibaraza vya vioo angani, kutoka jengo hadi jengo, watu wasikanyage nje. Kwamba ziwa huganda, na mwanamume mwenye akili zake huendesha gari lake mpaka katikati ya maji, akatoboa tundu, akaketi kuvua samaki. Mama aliyaamini yote, kwa sababu mtoto wake ndiye aliyeyasema. Mimi nikimwambia treni ya Auburn imechelewa, haamini mpaka aende stesheni mwenyewe. Kanisani aliwahubiria wanawake wenzake habari za Fargo kana kwamba ni kitabu cha Ufunuo, na nyumbani akiniona nimeshindwa kufungua kopo husema, "Kule kwa kaka yako bangekuwa na mashine."

Kaka alikufa Januari. Huku kwetu hiyo ni kiangazi, na wiki ile Liverpool ilikuwa inachemka. Lami ilikuwa inashika viatu. Wifi yangu alipiga simu asubuhi. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, kaka akatoka kuiondoa mlangoni kwa sepetu, kama alivyofanya kila mara, na moyo ukasimama. "Alianguka tu," wifi alilia. "Alianguka mule kwenye theluji." Nakumbuka kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa huzuni. Nilimkasirikia. Mtu mzima, watoto wakubwa nyumbani, nani alimtuma kubeba sepetu?

Msiba ukaanza. Tulitoa makochi nje kwenye veranda, tukatandika godoro sebuleni, mama akaketi hapo na kanga kichwani. Wanawake wa kanisa walikuja na masufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, na wali, wanaume wakakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Feni ilikuwa moja, ikielekezwa kwa mama. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nesi msimamizi wa zamu yetu, dada wa Kikenya, alinipa likizo ya msiba bila maswali. Nilipika, nilipokea wageni, nilijibu simu za Kongo na Kigoma na Marekani. Mwenzangu mmoja alinisifu kwamba nimejikaza. Nilikubali sifa hiyo.

Sisi wa huku hatukuwa na namna ya kwenda. Mama goti lake halimruhusu hata kupanda ghorofa mbili, na viza haipatikani kwa kulia. Kwa hiyo tulingoja kuambiwa siku ya mazishi ili tuwe pamoja nao angalau kwa simu, tuanue matanga, watu warudi makazini. Siku haikutajwa. Nilipombana wifi ndipo akanieleza. Kaka alikuwa amechagua makaburi ya kanisa lililowapokea, nje kidogo ya mji, ukingoni mwa mashamba. Mjini wapo wanaochimba kwa mashine hata wakati wa baridi, lakini makaburi yale madogo hayafunguliwi kabla ardhi haijalainika. Udongo ulikuwa umeganda kwenda chini kuliko kiuno cha mtu. Mwili ungewekwa mahali pa baridi mpaka Aprili, na ibada nayo ingengoja, ili wasimlilie mara mbili.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia mama, nikachelewa. Binti mkubwa wa kaka, aliyeondoka Kigoma akiwa mtoto wa mgongoni na sasa yuko chuo, alimpigia bibi yake moja kwa moja. Kiswahili chake ni cha kusikia jikoni. Mambo ya chakula na adabu anayajua, mengine anatafsiri. Mama akamuuliza baba yako mutamuzika lini. Nilisikia mtoto akisitasita, akilitafuta neno. Sisi tungesema mwili umehifadhiwa. Yeye neno hilo hakuwa nalo. Akasema, "Bado, Bibi. Wanamtunza. Wanamtunza vizuri mpaka theluji iishe."

Mama aliweka simu chini taratibu. Aliomba maji, akanawa uso. Halafu akashika ukuta, akasimama kutoka kwenye godoro, na kuwaambia wanawake waliokuwepo, "Asanteni, bamama. Mutoto yangu iko muzima. Bazungu banamutunza."

Wengine walisema haleluya. Wengine waliniangalia mimi.

Nilimvuta chumbani nikamweleza. Sikumkatiza kwa ukali, siku ile sikuwa mkali. Nilimwambia mtoto amekosea neno, kwamba wanaoutunza ni mwili, kwamba ardhi imeganda. Mama alinisikiliza kwa huruma, kama unavyomsikiliza mlevi. Ardhi, aliniambia, haijawahi kukataa mtu. Alimzika mama yake kwenye mvua, alimzika baba yetu njiani, tukikimbia, kwa majembe ya kuazima, kwenye udongo wa mawe. Watu wake wote walizikwa siku ile ile au ya pili yake. Maiti inayongoja miezi mitatu si maiti. Baridi ilimzimisha, basi, na wenye akili zao wamemlaza mahali wanamtunza. Mji ambao gari linatembea juu ya ziwa utashindwa kumwamsha mtu aliyezimia?

Kila ajabu aliyokuwa akiiamini ilikuwa kweli, na hii moja aliyoikataa ilikuwa kweli pia, ila msemaji wake nilikuwa mimi, si kaka.

Mchungaji wetu alikuja. Mama alimpikia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwomba amwombee mwanawe apate nguvu. Makochi yalirudishwa ndani. Wanawake wakaacha kuja, kwa aibu, kwa maana huwezi kumpa pole mtu anayekuchekea. Watu wakarudi kwenye maghala yao na hospitali zao, na mimi nikarudi kwa wazee wangu. Nikawa namwosha mama wa watu, namgeuza, namlisha, halafu jioni narudi kwa mama yangu ninamkuta anaimba.

Alikuwa anampelekea kaka sauti. Hilo nililijua kwa yule binti, aliyeniandikia na kisha kunipigia kwa sauti ya chini. "Shangazi, simu ya Baba ninayo mimi. Bibi anatuma voice kila siku. Anamwambia ale. Anamwambia asitoke nje bila kofia. Mi sielewi, Shangazi. Bibi ana dementia?" Nikamwambia hapana, bibi yako ana akili kuliko sisi wote. Sikumweleza kwamba neno lililofanya yote haya lilitoka kinywani mwake. Lile nililimeza mwenyewe, na bado liko hapa.

Akaniuliza afute zile sauti au aziache. Nikamwambia aziache. Ningesema nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa dada tu, niliyekuwa na hasira na sepetu.

Siku moja ya Februari uvumilivu ukanishinda. Nilikuwa nimetoka zamu, nyumba ina joto la tanuri, mama akaniomba nitafute sweta ya kumtumia kaka, ya kumsubiri akiamka. Nikapiga kelele. Nilisema amekufa, Mama, amekufa, amekufa, nikapiga meza kila nilipolitaja. Majirani wa juu walikanyaga sakafu. Mama alinitazama bila kukasirika.

"Usimulaani kaka yako," akasema, akaenda kuitafuta ile sweta mwenyewe.

Baada ya hapo sikumwambia tena. Tuliishi na kaka aliyelala. Mama aliulizia theluji kila siku, kama watu wanavyoulizia bei ya mafuta. Binti yule alikuwa mwaminifu, anatuma picha: barabara nyeupe, halafu barabara ya kijivu, halafu maji machafu kando ya njia, halafu jani. Huku kwetu asubuhi zilianza kuwa na ubaridi na tukafunga madirisha. Mama alikuwa ananenepa. Alikuwa anakula kwa ajili ya watu wawili, kama mjamzito, na mimi niliiogopa Aprili kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Wifi alipotaja siku ya mazishi, nilimwambia mama hivi: theluji imeisha, kanisa lote litakusanyika, tutaangalia kwa simu. Hakuna uongo hata mmoja ndani ya maneno hayo. Nilijua alichokisikia. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu.

Kwao ilikuwa jioni, kwetu jua ndiyo linapanda. Mama alikataa simu isimamishwe mezani; aliishika mwenyewe kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa mkali kule, ukigonga kipaza sauti, na yule binti alikuwa akitembea huku picha inaruka: viatu, nyasi zilizolala, makoti meusi, mashamba yasiyo na mwisho. Halafu simu ikatulia. Palikuwa na fungu la udongo mweusi, mweusi kabisa, na kando yake sanduku.

Mama aliinua simu karibu na uso.

"Ni nani iko mule ndani?"

"Ni Baba, Bibi."

"Si mulisema banamutunza?"

"Ndiyo, Bibi," mtoto akajibu, akilia, akiwa na hakika anamfariji. "Walimtunza. Sasa theluji imeisha."

Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu, na mimi kazi yangu ni wazee. Mama hakupiga ukelele. Aliangalia wanaume wakishusha sanduku kwa kamba, baadhi weusi, baadhi wale wazungu warefu wasiosema. Aliangalia udongo ukirudishwa kwa sepetu, akasikiliza wimbo wa mazishi hadi mwisho ingawa upepo uliubeba nusu. Walipoanza kutawanyika alinipa simu. Niliizima.

"Juu ya nini haukunambia?" akauliza.

"Nilikuambia, Mama. Nilikuambia mara ngapi?"

"Ulinambia na makelele." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Haukulia. Tangu siku ya kwanza, haukulia. Muntu anasema kaka yake alikufa, macho kavu, anapika, anaenda ku kazi. Ningeamini namna gani?"

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na mengi ya kusema, habari za wageni na masufuria na nani angepokea simu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa maneno. Nilimlilia kaka yangu pale, wima, mikono imening'inia, sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, na nilivyozidi kulia ndivyo mama alivyozidi kutikisa kichwa, akisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu ambaye hatimaye anaambiwa habari kwa lugha yake.

Kisha akaanza kusukuma kochi. Goti lile bovu, kitenge kile cha harusi, anasukuma kochi kuelekea mlango wa veranda. Nikamsaidia. Tukalitoa na la pili. Tukatandika godoro chini, akashuka taratibu, akajifunga kanga kichwani, akapigapiga kwa mkono mahali pa kando yake. "Kaa," akasema. Nikakaa.

Zamu yangu ilikuwa ianze muda si mrefu. Nikapiga simu kazini nikiwa pale pale kwenye godoro, na akapokea yule nesi wa Kikenya. Nikamwambia sitaweza kuja leo, labda wiki nzima, kaka yangu amefariki.

Nilisikia kengele ya chumba cha mzee mmoja ikilia nyuma yake.

"Woi, jamani, pole sana," akasema kwa upole. "Mwingine tena?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni yule yule."